Neno Chuny na Mzee Asiyejua Kusoma

Baba,

Kwanza niulize magoti yako, kama bado yanakubali kupanda mpaka kanisani, na kikohozi cha Mama. Niulize pia ziwa: maji yamerudi nyuma, au pamba yetu ya upande wa chini bado imesimama ndani ya matope? Huku Ubelgiji mimi ni mzima. Baridi imeanza, na mama mwenye nyumba ananipimia makaa kama dawa. Naandika kwa Kiswahili, lugha ambayo wewe Mjaluo na Mama Mkuria mmeitumia miaka yote kupatana na kugombana, ili naye asikie bila kungoja umtafsirie.

Sasa habari yenyewe. Nimekasirika, lakini nitaieleza kama ilivyotokea.

Wiki jana gazeti lilinituma kwenye mkutano wa wasomi wa Kikatoliki. Vyuo kadhaa vimeungana kujadili jinsi mafundisho ya Kanisa, tangu zama za Mtakatifu Tomaso, yanavyoweza kuzungumza na watu wa Afrika sasa baada ya Mtaguso, ule mkutano mkuu wa maaskofu wote. Jambo jema, nami nilikwenda kwa nia njema. Waafrika tulikuwa wawili ukumbini: mimi kwenye meza ya waandishi wa habari, na padri mmoja wa Bukoba anayesoma huku, aliyehamisha kiti chake akaja kukaa nami.

Siku ya pili alipanda jukwaani mtu unayemjua. Ni yule Padri profesa mwenye ndevu nyekundu aliyekaa kwetu siku kumi na moja akikuuliza maneno ya Kijaluo, nami nikiwa mkalimani wenu. Mkononi alishika karatasi zako, ile orodha ya maneno uliyomwandikia. Nilizitambua kutoka nilipokaa, kwa wino wa zambarau wa shule ya misheni na kwa ile mistari uliyoipiga kwa rula.

Akasema Wajaluo hawana neno la roho. Wanalo neno chuny, na chuny ni ini. Kwa hiyo, akasema, kwa watu hawa roho ni nyama, na fikra isiyoshikika kwa mkono bado haijawafikia. Akaeleza alivyomwona mama mmoja akikata ini la mbuzi, akamwuliza hiki ni nini, naye akajibu: chuny. Watu wakacheka kwa adabu. Mwambie Mama ndiye huyo. Mbuzi alichinjwa kwa ajili ya mgeni.

Kisha akasema habari hizi alizipata kwa "mzee mmoja asiyejua kusoma". Alisema hivyo huku akisoma mwandiko wako.

Padri wa Bukoba akaniinamia. "Ndugu, wewe si wa huko? Ni kweli haya?"

"Si kweli."

"Basi simama."

"Mimi niko hapa kuandika, Padri."

"Andika ukiwa umesimama."

Nikasimama. Mwenyekiti akasema maswali ni ya wajumbe, waandishi wana meza yao. Lakini profesa alishanitambua, akafurahi kabisa. "Huyu alikuwa mkalimani wangu! Atashuhudia."

Nikamwuliza, "Karatasi unazozisoma, Padri, ziliandikwa na nani?"

"Ni orodha iliyokusanywa huko."

"Nani aliiandika?"

Akazigeuza kana kwamba jina lingetokea nyuma.

"Ni baba yangu," nikasema, "katekista, huyo unayesema hajui kusoma. Na mbele ya neno chuny ameandika maana mbili. Ya kwanza ni ini. Tafadhali tusomee ya pili."

Mwenyekiti akatazama saa, akatangaza kwamba supu iko tayari.

Koridoni profesa alinishika bega. Akasema "asiyejua kusoma" ni namna tu ya kusema, maana yake hukupitia chuo. Akasema maana ya pili, ile ya roho ya mtu, bila shaka umeipata kwa wamisionari. Hotuba zote zitachapishwa katika kitabu kabla ya Pasaka, na kama kuna la kusahihisha, liletwe kwa maandishi na mwenyewe aliyelisema. Alidhani amefunga mlango.

Lakini kuna sehemu yangu, Baba, nayo sitaificha. Siku ile ya ini ulimwambia kwa Kijaluo, "Ninyi mnasema mnampenda Mungu kwa moyo wote. Mnamaanisha ile nyama inayodunda? Basi na sisi chuny yetu iacheni iende mbinguni, ini litabaki kwenye sufuria." Wewe ulicheka, na Mama ulipomtafsiria akacheka. Mimi niliona si adabu kumtania padri, nikamwambia kwa Kiingereza kwamba umesema chakula kiko karibu. Kwa hiyo aliondoka bila jibu lako. Karatasi alikuwa nazo, na angeweza kuzisoma, lakini jibu nililizuia mimi.

Naomba uliandike. Andika kwa Kijaluo, kwa wino ule ule, vile vile ulivyosema jikoni, pamoja na sufuria. Usilipambe na usiwaombe radhi. Weka jina lako lote na kazi yako. Barua hiyo ipeleke posta ya Homa Bay wewe mwenyewe, usimpe mtu. Padri wa Bukoba ataipeleka mezani kwa mwenyekiti, maana yeye ni mjumbe na hawawezi kumkalisha.

Nisalimie kaka yangu kule Rongo na mkewe, shangazi wa Rusinga, na mwalimu wa kwaya, ambaye najua atataka barua hii isomwe mara mbili. Mama nimsalimie mwenyewe: ini lako lilizungumzwa na maprofesa, na hakuna hata mmoja aliyeuliza lilikuwa na ladha gani.

Jibu lako nitalitafsiri mimi. Safari hii sitaruka neno.

Mwanao na mkalimani wako,
Odero