Pangaboi la Mama Bado Liko Kwenye Boksi

Mkuyuni, Mwanza
14 Oktoba 2024

Mpendwa kaka Shimba,

Shikamoo. Habari za Songea? Wifi Wilhelmina anaendeleaje na kifua? Sisi huku ni wazima, ila joto linatutesa. Mvua zimechelewa, na upepo wa ziwani unaishia barabarani, huku kwetu mlimani haufiki.

Pangaboi ulilomtumia Mama lilifika salama, tunashukuru. Lakini sitakuficha, bado liko kwenye boksi, na mimi nimechoka.

Tulimwita Salum, yule fundi aliyetuwekea umeme. Alipanda darini, akashuka akitikisa kichwa. Juu ya kitanda cha Mama hakuna mbao nene, kuna vipande vyembamba tu vya kushikilia dari. Akasema hawezi kuning'iniza kitu kizito kinachozunguka juu ya mgonjwa asiyeweza kujinyanyua. Na chumba chenyewe unakijua, kitanda ukikisogeza mlango haufunguki.

Baba akakasirika. Nyumba hii aliijenga kwa mikono yake. "Dari yangu haijawahi kumwangukia mtu," akasema. Dada Gladness alipofika kutoka Nansio, akataka paa lifumuliwe, mbao iongezwe. Baba akaapa kwamba hakuna atakayegusa paa lake. Basi ikawa kila siku wanabishana mlangoni kwa Mama, na mimi nimekaa hapo nampepea kwa kanga, shuka limelowa jasho. Nisamehe kaka, hata wewe nilikukasirikia. Kila ukipiga simu unauliza kama linazunguka.

Jana wakiwa katikati ya ubishi, Mama akauliza, "Sebuleni mbao nene ipo?"

Gladness akamjibu kwamba ipo.

"Basi lifungeni huko, na mimi mnipeleke huko huko."

Baba akasema haiwezekani, wageni watamkuta amelala.

"Wanikute," Mama akasema. "Tangu miguu inikatae, nawasikia mnacheka upande wa pili wa ukuta. Sijui hata mnacheka nini."

Kaka, muda wote huo tuligombania dari, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza yeye. Baba akaenda kuburuta makochi mwenyewe, hakutaka msaada.

Salum ameahidi kuja Jumamosi, nami siamini mpaka nimwone na ngazi. Sebule imebanana, runinga haionekani, kila anayepita anagonga goti kitandani. Mama hajali. Tangu asubuhi anasalimiana na majirani kupitia mlangoni, na sasa hivi anamwambia Gladness kwamba sato anaungua kikaangoni.

Msalimie sana wifi, na Kashindye mwambie bibi yake anamuulizia. Mungu awaepushe na kila baya, na atujalie kuonana Mama akiwa hai.

Mdogo wako akupendaye,
Bernadeta