Kishikwambi Ndani ya Arobaini

Salale,
31 Julai 2025

Kwa mkwe wangu Tamimu,

Asalaam aleikum. Naomba Mungu barua hii ikukute umekula, maana mwanaume akiachwa peke yake hula maandazi na chai mpaka shavu liingie ndani. Sisi huku wazima. Zaitun mzima, na mwanao Salima mzima, ananyonya mpaka anasahau kuvuta pumzi. Mimi mgongo tu, nao tumeshazoeana.

Nimeona nikuandikie kwa mkono. Kumpigia mkwe simu na kumtia neno zito sikioni sioni vizuri.

Jana nilimsikia Zaitun anaongea na wewe pale dirishani mtandao unaposhika. Nikamsikia, "Mama atakataa." Nikamuuliza, nitakataa nini? Ndipo akasema unataka arudi Kibiti wiki ijayo, kwa kuwa shule zimeleta mitihani ya majaribio ya Darasa la Nne ichapwe dukani kwenu, na kompyuta haina mtu wa kuikalia.

Baba, huyu ni mzazi wa kwanza. Siku tumetoka naye hospitali Mchukwi, kushuka kwenye boti alishikwa na watu wawili. Namkanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni, uji wa pilipili manga anakunywa, na arobaini yake haijafika hata nusu. Simtoi. Kompyuta kama imekosa mtu, iletwe huku. Kama haiji, basi ikae.

Usinichukie kwa ukali. Kula vizuri.

Ni mimi mama yenu,
Mwanawetu


Kibiti,
3 Agosti 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeipokea barua kwa mkono wa Kondo wa boti, na nimefurahi kusikia Salima ananyonya. Mimi mzima, na leo nimekula wali.

Mama, sikatai arobaini, nami nimezaliwa katika desturi hizi hizi. Lakini duka letu linaishi kwa mitihani. Walimu wakishahamishia kazi Ikwiriri hawarudi tena. Mimi ni mtu wa fotokopi na picha za pasipoti. Kuchapa anajua Zaitun. Na kompyuta yetu ni ya mezani, inataka umeme wa ukutani, sola yenu haitaiweza.

Kwa hiyo nimempa Kondo kishikwambi nilichonunua Ikwiriri. Ni kama simu, ila pana kama sinia la chai. Muuzaji ameniapia kwamba siku hizi kompyuta imekwisha kazi, hiki kinafanya yote. Karatasi za walimu nitazipiga picha nimtumie Zaitun, naye achape humo, anitumie kwa mtandao, nami nitatoa kwenye printa. Ila kikishindwa, mama, naomba ruhusa nije nimchukue.

Mwanao,
Tamimu


Salale,
9 Agosti 2025

Mkwe wangu Tamimu,

Asalaam aleikum. Sisi wazima, na Salima leo amenicheka usoni. Zaitun ati ni gesi. Gesi gani inamtazama bibi yake machoni?

Kifaa kimefika, na sharti lako nimelikubali: kikishindwa, njoo umchukue. Kwanza nilikidharau, nikwambie kweli. Kioo kitupu! Nikauliza, vitufe viko wapi? Sanduku lake lile mnaloliweka chini ya meza liko wapi? Zaitun akacheka mpaka akashika tumbo, nikamkemea, maana tumbo lenyewe bado bichi. Sola inakitosha, nakichaji mchana pamoja na kitochi changu. Ila usiku nakiweka mbali na mtoto, sijui kina moto gani ndani.

Tabu ikawa mikono. Kwenye kioo vidole vinateleza, na mtoto yuko pajani, basi mstari mmoja unakwenda na nusu ya asubuhi. Nikaingiwa na wasiwasi, nikasema Tamimu huyo anakuja. Halafu mkeo akagundua jambo: kile kitu ukikisemesha kinaandika! Nikakiinamia nikasema, "Asalaam aleikum," nacho kikaandika asalaam aleikum. Nilikaa chini mwenyewe.

Sasa kazi inakwenda hata nikiwa namkanda. Yeye amelala chali anasema maswali, kishikwambi kipo juu ya mto, kichwani pake, kinaandika, mimi na kitambaa changu cha moto. Mtihani wa Sayansi amekutumia jana. Kwa hiyo tulia. Na hilo lisanduku la chini ya meza, lifanyeni banda mfugie kuku.

Mama yenu,
Mwanawetu


Kibiti,
15 Agosti 2025

Mama,

Shikamoo. Natumai nyote hamjambo. Huku kuna jambo.

Mtihani wa Sayansi niliupokea kwenye simu, nikauprinti palepale, nikatoa nakala, shule wakachukua. Watoto wameshaufanya. Leo Mwalimu Mwamini, yule wa taaluma, ameingia dukani na karatasi mkononi, wateja wamejaa, akasoma kwa sauti. Nakuandikia kama ulivyo:

"Swali la nne. Taja viungo vitatu vinavyotumika katika kupumua ai mama yanaunguza tulia wewe tumbo lirudi mwanamke gani unaogopa maji."

Mama, darasa zima lilicheka mpaka mtihani ukasimama. Kuna mtoto amejibu: pua, mapafu na maji ya moto. Wateja walicheka, mimi nilitamani kuingia ndani ya fotokopi.

Mwalimu ametupa nafasi moja. Sayansi irudiwe, na Hisabati ifike kabla ya Ijumaa ijayo, yenye majedwali na maumbo. Zaitun amejaribu kuchora pembetatu kwa kidole, imetoka kama sambusa iliyopasuka kwenye mafuta. Kishikwambi kimeshindwa, mama. Tulikubaliana. Jumamosi ya tarehe ishirini na tatu nakuja kumchukua.

Mwanao,
Tamimu


Salale,
18 Agosti 2025

Mkwe wangu,

Asalaam aleikum. Mtoto mzima, mama yake mzima lakini amelia. Mimi, Mungu anisamehe, kwanza nilicheka. Huyo mtoto wa maji ya moto mpe maksi zake, amejibu alichoulizwa.

Halafu nikaogopa. Nimekaa na barua yako tangu juzi, chakula hakipandi. Maana kweli tulikubaliana, nami si mtu wa kugeuza neno.

Lakini baba, kipi kimeshindwa? Kishikwambi kiliambiwa kiandike kinachosikia, kikaandika. Zaitun hakurudia kusoma, alikuwa na maji ya moto tumboni. Nawe ulipoupokea ulisoma? Uliutoa kama picha ya pasipoti. Na kompyuta ipo hapo mezani, nzima, ina umeme, imefunikwa kitambaa. Pembetatu zote si zimo humo?

Kwa hiyo mimi, wa darasa la nne wa zamani, naona hivi. Zaitun aandike maneno huku, mtoto akilala, na wakati wa kukandwa kifaa kizimwe. Akutumie. Wewe ukae kwenye hicho kiti chake, ufungue kwenye kompyuta, uchore, upange, usome mpaka mwisho. Hujui? Zaitun naye hakuzaliwa anajua. Atakuelekeza kwa simu pale dirishani.

Mwanangu, wewe una mikono miwili na hukuzaa. Hebu jaribu kwanza. Ikifika hiyo Jumamosi na kazi haijakwenda, njoo, nitamfungasha mwenyewe, nitamsindikiza mpaka bandarini Nyamisati. Neno langu.

Mama yenu mwenye hofu,
Mwanawetu


Kibiti,
23 Agosti 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Leo ni Jumamosi na sikuja, kama unavyoona. Na hizi herufi si za kalamu. Nimechapa mwenyewe kwenye kompyuta, kwa vidole viwili, kwa hiyo barua itakuwa fupi.

Siku ya kwanza nilifuta Hisabati yote. Zaitun aliniambia, "Bonyeza pale pa kurudisha, Baba Salima, na uache kuigombeza mashine." Ikarudi. Siku ya pili nikachora jedwali. Pembetatu imenyooka. Haruna wa duka la jirani alipita akasema, "Leo umekuwa sekretari?" Nikamwambia ndiyo, kaa foleni.

Mwalimu Mwamini amesoma mitihani yote miwili akiwa amesimama kaunta, ukurasa kwa ukurasa. Hakucheka. Amechukua, na ameacha Kiswahili na Maarifa ya Jamii.

Yule muuzaji alinidanganya nusu. Kile kidogo kinaandika, kinatuma na kinakwenda popote. Maumbo na karatasi nyingi kwa pamoja vinaitaka kompyuta ya mezani. Kuku sitafuga.

Zaitun amalize arobaini yake.

Mwanao,
Tamimu


Salale,
27 Agosti 2025

Mkwe wangu Tamimu, Baba Salima,

Asalaam aleikum. Barua yako nimeisoma mwenyewe, herufi zimesimama vizuri kuliko za mkono wako. Tumbo la Zaitun limerudi, anatembea wima. Salima amenenepa, mkono una vikuku vya nyama.

Ila nina neno. Jana nampaka mtoto mafuta, mkeo ananiambia kwa sauti ya asali, "Mama, si unaona kazi inakwenda? Tamimu yuko kwenye kompyuta, mimi niko na kishikwambi. Niache hapa mpaka mwezi wa kumi."

Nikamwambia, "We mwana we! Mwezi wa kumi?"

"Uji wako mtamu, Mama."

"Uji nitakufundisha upike. Mwezi mzima na zaidi mumeo anamuona mwanawe kwenye kioo. Mtoto anajua sauti ya baba yake, hajajua kifua chake."

Baadaye nilimkuta anakunja khanga, anazipanga kwenye begi, anaimba.

Nami nitalia, nakwambia mapema usije ukashtuka. Jumamosi arobaini inatimia. Tutamtoa mtoto nje asubuhi, tutasoma dua, wali utakuwepo. Funga duka, kompyuta izime. Njoo mwenyewe, usitume mtu.

Mama yenu,
Mwanawetu