Meza Isiyopita Mlangoni

4 Februari

Binti yangu, Bi Maswali,

Hujambo huko? Mimi mzima kama chuma. Mgongo unaniletea ujeuri asubuhi, lakini nikishika randa unanyamaza. Mama yako anakusalimu, anasema ule. Simu usinitajie, maneno ya simu hayana mahali pa kuyaweka.

Sasa habari. Nimekuundia meza ya udaktari. Mbao ngumu, mchwa akiiuma anang'oka jino. Haya, wapelekee habari hiyo mchwa wako unaowasomea. Mtoto wa seremala kusomea mchwa! Mimi nimepigana nao tangu ujana, wewe unawalisha kama vifaranga.

Meza nimeiunga humo humo chumbani kwako. Kinyozi wetu kaja kuiona, akacheka: "Fundi, hii itatokaje? Haipiti mlangoni." Nikamwambia mlango ndio mdogo. Kitanda chako nimekitoa, kilikuwa kinachukua nafasi, nimempa binamu yako anayeoa. Daktari halali. Utalala ukimaliza.

Baba yako, fundi asiye na mfano.

20 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini mgongo umetulia na Mama hajambo. Mimi sijambo, nimechoka kidogo tu.

Nimecheka kwa habari ya meza mpaka wenzangu wakanigeukia. Tunasomea wengi chumba kimoja, kila mtu na kompyuta yake, masikio ameyaziba kwa muziki. Wiki inaweza kwisha hatujasalimiana. Sura ya pili ya tasnifu yangu iko kwa msimamizi tangu kabla ya mwaka mpya. Nikimkumbusha anajibu, "Nimeona." Ameona nini, sijui.

Baba, nikija likizo nitalala wapi?

Mwanao.

9 Machi

Binti yangu,

Salamu zako zimefika, na sisi hatujambo. Hiyo "kidogo tu" mama yako hakuipenda.

Utalala na mama yako, mimi nitakwenda karakanani. Nimelala pabaya zaidi ya pale na nikaamka nikafanya kazi ya watu wawili. Ama huyo msimamizi, nisikilize. Mimi mteja akinikwepa naenda kukaa mlangoni kwake, msumeno mapajani, sisemi kitu. Hajazaliwa wa kunipita. Nenda nawe ukakae. Msumeno si lazima.

Baba yako.

2 Juni

Baba yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Mama hajambo? Mgongo je?

Nilikwenda kukaa mlangoni kwa msimamizi kama ulivyosema. Alitoka na begi, akasema, "Ah, wewe! Nitumie barua pepe," akanipita. Alikuwa anawahi ndege, amekwenda kufundisha ng'ambo kwa muda.

Halafu mchwa wangu wamekufa. Wote, Baba. Chuo kilifungwa kwa mapumziko, umeme wa maabara uliowapa joto na unyevu ukazimwa, na hakuna aliyetuambia. Nilipofungua mlango harufu ndiyo iliyonipokea. Kazi yangu yote ilikuwa kwenye zile trei zao. Nikamwandikia msimamizi, na safari hii akajibu upesi: "Pole. Anza upya."

Tangu hapo silali. Nasoma mstari, nikifika mwisho wake mwanzo umeshapotea. Mwenzangu mmoja aliyepitia haya akanishika mkono akanipeleka kwa mshauri wa wanafunzi. Tulingoja zamu kwenye benchi, wote wa shahada za juu, hakuna anayemtazama mwenzake. Mshauri ni mama mtu mzima, na ndiye wa kwanza hapa kuniuliza kama nalala. Anasema naweza kuahirisha masomo mwaka mmoja, nafasi yangu haipotei. Akauliza, "Una mahali pa kwenda kupumzika?"

Baba, naomba nije nyumbani.

Mwanao.

15 Juni

Binti yangu,

Sisi wazima. Barua nimeisoma. Jibu ni hapana.

Kupumzika ndiyo nini? Mchwa wamekufa, basi mchwa wameisha duniani? Nitakutumia wa nguzo za choo chetu, wanene kuliko hao wa chuo. Mimi kabati la mwalimu mkuu liliungua karakanani siku ya kuja kuchukuliwa, na nikaanza upya, na sikulia. Mtaa mzima nimewaambia mwaka huu unamaliza. Kinyozi kila akininyoa ananiuliza, "Daktari wetu vipi, anamaliza, au anangoja chuo kizeeke kwanza?" Nimjibu nini, na kichwa changu kiko mikononi mwake?

Ukija utaikuta meza inakukodolea macho. Kaza moyo, usije.

Baba yako.

Mama yako amekataa kutia salamu zake humu. Anasema zake atazipeleka mwenyewe.

28 Julai

Binti yangu,

Hujambo? Sijapata jibu. Labda barua imepotea, posta siku hizi wamelegea.

Mama yako ananipakulia chakula anaondoka. Jana nilikwenda chumbani kwako kuifuta meza vumbi, nikakaa kitini kwako. Meza nzuri, sijaunga nzuri kama hii. Lakini ukilaza kichwa pale juu ni ngumu. Nimejaribu. Shavu linauma.

Unalala?

Baba.

6 Agosti

Baba, shikamoo.

Nipo. Hapana, silali.

Mwanao.

30 Agosti

Binti yangu, Bi Maswali,

Salamu nyingi. Leo usinijibu kuwa hujambo.

Mimi mzima ila mgongo umechachamaa, na sababu ni hii. Ile meza nimeivunja. Vipimo sikukosea, usije ukamsikiliza Kinyozi. Mbao ni yangu na nimebadili mawazo, fundi mkubwa ana ruhusa hiyo. Nimeipasua, nimeiranda upya, nimekuundia kitanda. Na kitanda, mwanangu, hakijapata kutokea! Nilikuwa narukaruka juu yake kukipima, mama yako akanikuta. "Wewe mzee, utavunja mguu." Nikamwuliza, wa kitanda au wangu? Ndiyo mara ya kwanza kunisemesha tangu Juni. Akatoka, akarudi na shuka.

Kinyozi nimemwendea mwenyewe, nywele zenyewe hazijaota. Nikamwambia binti yangu anarudi, amechoka. Wembe ukasimama hewani. "Kafukuzwa?" Nikasema, amechoka. Sauti sikupunguza, na waliokuwa wakingoja zamu wote wamesikia. Basi limeshasemwa, huna la kuogopa mtaani. Atakayekuuliza unamaliza lini, mlete kwangu.

Nenda kwa yule mama mshauri umwambie mahali papo. Mtajie na fundi aliyepatengeneza, asije akadhani huna watu. Mwaka ukiisha ukitaka kurudi kwa mchwa wako, rudi. Usipotaka, hutaki, na mimi sitauliza. Nitajitahidi nisiulize.

Jambo moja tu. Kitanda nimekiunga humo humo chumbani, na kimekuja kuwa kipana. Hakipiti mlangoni, siwezi kukutumia huko. Itabidi uje wewe.

Baba yako.