Baba Alipofunga ili Uvimbe Ufe Njaa

Baba yangu mpendwa,

Kamwene. Naamini barua hii inakukuta umekaa, si umelala, na mshono haukuvuti tena ukikohoa. Mama hajambo? Baridi ya Kilolo imeshaanza? Huku Ujerumani mimi ni mzima, ila mvua ya huku haijui kukata. Naandika kwa mkono kwa sababu ulisema maneno ya kwenye simu huwezi kuyakunja ukayaweka ndani ya Biblia.

Jana Shangazi alinipigia kutoka kwake Mwanjelwa, hapo Mbeya. Alikuwa ametoka kuchukua majibu yako hospitalini, na bado akaanza na salamu zote mpaka za majirani. Nikamkatisha. Akasema uvimbe umetoka wote, na tezi walizozipima hazina saratani. Nililia, baba. Nililia pale pale maabara, mbele ya watu ambao hawajawahi kunisikia hata nikipandisha sauti.

Sasa kwa kuwa moyo umetulia, acha nikuseme. Uliponiuliza kazi yangu hasa ni nini, nilikwambia nachunguza jinsi seli iliyobanwa na njaa inavyojila yenyewe. Hukungoja niendelee. Ukaenda jumuiyani, mzee wa kanisa anayeaminiwa, ukawatangazia kwamba mwanao wa Ujerumani amesema saratani ikinyimwa chakula itajimaliza. Wakafunga wote pamoja nawe, hata Mama Mchungaji. Ulipofika Mbeya kupasuliwa, daktari akakuta damu imepungua na mwili umekwisha, akaahirisha. Hapo niliogopa kuliko siku tuliyoambiwa una saratani ya utumbo mpana, maana uvimbe wenyewe haukuwa umeahirisha chochote.

Ndipo nikakupigia kukumalizia maelezo. Seli ikijila haijiui. Inabomoa vitu vyake vilivyochakaa, inavifanya chakula, inavuka kipindi kigumu. Seli ya saratani ni hodari sana kwa ujanja huo, na sisi maabara tunatafuta namna ya kuuzuia. Wanaoumia ni askari wa mwili, zile seli za kinga zinazouzingira uvimbe na kupambana nao, kwa sababu mle ndani chakula ni haba na uvimbe unawanyang'anya hata hicho kidogo. Ukifunga, unawaongezea njaa.

Ukaniomba nirudie hapo pa askari. Kisha ukasema, "Kwa hiyo hao ndio watu wa mgowe. Nimealika majirani waje kunilimia, halafu sijawapikia."

"Ndiyo, baba."

"Aibu hiyo siiwezi."

Mama anasema kesho yake jumuiya ikaanza kupokezana kukulisha. Huyu maharage, yule mayai, mwingine maziwa, na Shangazi akatuma mchele wa Ubaruku. Mama Mchungaji naye akawa anasimama mlangoni hadi umalize sahani. Nilicheka peke yangu, lakini daktari alipokupima tena akakubali kukupasua, na kwa hilo nitawashukuru watu wenu maisha yangu yote. Usiache kurudi kliniki kila wanapokuita, hata ukijiona una nguvu za kushika jembe.

Nisalimie mwenyekiti wa jumuiya, na kaka aliyekaa nawe wodini bila kulalamika. Mwambie Shangazi namwomba radhi kwa kumkatisha salamu. Mama mkumbatie, hata kama atasema unamwaibisha mbele ya watu.

Lakini hili moja usimwambie Mama. Tangu walipopeleka kupimwa kile kipande cha utumbo walichokukata, chakula nilikuwa nakiangalia tu. Nilipika kila asubuhi, nikabeba, nikarudi nacho nyumbani. Wewe nilikukataza kufunga, kumbe huku mimi nilikuwa nafunga. Jana, Shangazi alipokata simu, niliketi kwenye ngazi za maabara nikala wali wangu uliopoa, nikaumaliza wote.

Mwanao anayekupenda,
Neema