Kitambaa cha Mama juu ya ampli

Kibabi, jumapili, siku ya yenga, mchana. Mvua tangu asubui, na mimi kukaa nimeshindwa. Naingia, natoka, naingia tena. Chai imepoa mara mbili.

Lampi ya ampli imekufa, ile kubwa ya kioo inayopatia foni yetu, redio ya kuitana, nguvu ya kuvuka milima mpaka Walikale.

Jirani nimewaambia ni kura mbaya, umeme muchafu wa groupe, jenereta yetu. Nimelaumu hata ule Papa mwenye duka aliyeniuzia lampi kule Goma, maskini ya Mungu!

Uongo mutupu.

Ni kitambaa. Mama alikifuma mwenyewe, maua mekundu, akafunika nacho ampli kama anavyofunika kila kitu cha maana mu nyumba. Kinaziba matundu ya kutoa joto. Nilijua! Kila siku nakiondoa mbele ya kuita. Jana nilikuwa na haraka, dada yangu Furaha alikuwa karibu kuzaa, na kule kwao Walikale musituni hakuna rezo ya telefone, ni foni ya kituo cha afya tu. Nikaita, nikaita bila kupumzika, mpaka nikasikia harufu ya kuungua.

Leo Furaha ametokea kwenye foni. Tunamusikia vizuri. Yeye hatusikii, maana poste, redio yenyewe, bila ampli inanong'ona tu.

"Mama, nimezaa mutoto mwanamuke. Umupe jina, Padri anabatiza juma hii. Mama, uko?"

Kwetu jina la muzaliwa wa kwanza linatoka kwa koko yake, mama muzaa mama. Mama akasogeza mudomo kwenye sauti inapotokea, akapiga kelele: "Niko, mwanangu! Riziki! Anaitwa Riziki!"

"Mama, uko?"

Mara tatu Furaha aliuliza. Alienda kwa bwana yake bila baraka ya Mama, na tangu pale wanaongea kwa tahadhari. Kisha Furaha akasema polepole: "Basi ungali na kasirani. Kesho asubui nitajaribu tena, mara ya mwisho."

Mama alilia. Hapo nikashindwa, nikamwambia habari ya kitambaa. Hakunigombeza. Alikikunja, akakiweka mapajani. Afadhali angenigombeza.

Kesho kukicha nabeba poste, betri na antene mpaka juu ya kilima. Pengine kule sauti itapita, hata kidogo.

Na kama nitasikika dakika moja tu, nianze na nini?

Riziki. Halafu: dada, Mama hana kasirani, ni mimi niliunguza lampi.