Vitunguu vya Maua vya Lakeville

Jumatatu, 6 Oktoba

Kuchimba mashimo ya kupandia tena. Mkono wa kulia umekufa. Kitako chini, ncha juu, shimo mara tatu ya urefu wa kitunguu. Vitunguu vya maua, sio vya kupika, ingawa aina moja leo ilinuka kama jikoni kwa mama. Navijua hata bila kusoma. Cha tulipu kiko kama tunda la pea, upande mmoja bapa, ngozi nyembamba ya kahawia inachanika ukiigusa. Cha dafodili kina shingo, na mara nyingi viwili vitatu vimeshikana kitakoni, kama mama na watoto.

Nobody alinifundisha. Niliangalia tu.

Jumanne, 7 Oktoba

Lakeville, kwa shosho mmoja, bibi mzee mzungu. Mwaka jana kulungu walimlia tulipu zote, hakuona hata ua moja. Sasa ameagiza dafodili peke yake. Dafodili ni sumu, mnyama hagusi.

Shem Brayo ndiye mkubwa wetu kazini. Amemwoa dada yangu, na mimi nakaa kwao Saint Paul, huku ughaibuni. Akafungua boksi, akasoma lebo: dafodili. Nikachungulia. Zote umbo la pea. Shingo hakuna hata moja.

Nikamwambia polepole. Akacheka mbele ya watu.

"Boy, uliachia class six, leo unabishana na lebo?"

Nikashika koleo. Tukapanda karibu boksi zima. Kimoja nikatia mfukoni. Najichukia kwa kutobisha zaidi.

Jumatano, 8 Oktoba

Wiki jana bosi, mwenye kampuni, alimwambia Shem: kosa moja tena, uende nyumbani. Kulungu wakila haya maua, Shem hana kazi. Na dada amebakisha miezi miwili ajifungue.

Nikimwambia tena atasema najifanya. Nataka shahidi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Asubuhi nimeweka viwili kwenye ngazi ya nyuma. Kile cha mfukoni, na dafodili ya kweli iliyobaki kazi ya wiki jana. Kindi wamejaa huku, na tulipu wanakula kama kulungu. Nikaenda kazini.

Jioni: cha mfukoni hakipo. Maganda tu. Dafodili iko palepale, imeng'atwa mara moja, ikatemwa.

Nimecheka peke yangu kama mwendawazimu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimemwita Shem kwenye ngazi kabla ya chai, nikamweleza kindi walichofanya. Akaangalia maganda. Akaangalia dafodili. Akaikata na kisu, utomvu ukateleza kwa vidole vyake. Akakaa chini.

"Na ukanyamaza?"

"Nilikwambia, Shem."

"Uliniambia kama mtu ana maji mdomoni! Siku ingine piga kelele, bana."

Akapigia watu wa stoo. Kumbe maboksi mawili yalibandikwa lebo zilizobadilishana. Dafodili zetu ziko Saint Louis Park, kwa apartments fulani, zinangoja kupandwa Jumatatu. Wao ndio walitaka tulipu.

Dada alikuwa mlangoni, mkono kwa tumbo. Jioni amenipakulia nyama mara mbili.

Jumamosi, 11 Oktoba

Shem ame-drive mpaka Saint Louis Park, akarudi na boksi. Tumefukua tulipu zote, tumepanda dafodili. Mvua. Matope mpaka ndani ya soksi.

Shosho akatoka na mwavuli, amewaka kwa hasira. Kwa nini tunaharibu bustani yake? Shem akaanza kuzungusha maneno. Nikasimama mimi. Kiingereza changu kibovu, lakini nilikuwa na kitunguu kimoja kila mkono. Hii haina shingo, kulungu anakula. Hii ina shingo, kulungu hapana. Akavishika, akavipima na kidole gumba. Akaniuliza jina. Nimelisema kwa sauti.

Jioni Shem amempigia bosi mwenyewe, akamwambia yote, hata ile ya lebo na class six. Nilisimama karibu. Bosi akauliza tu Jumatatu tunaanzia wapi: kazi bado iko.

Shem ameweka simu chini. Amenipigapiga begani, akaenda kuoga.

Ijumaa, 31 Oktoba

Lakeville, kufagia majani. Baridi inakata masikio. Shem alikuwa upande wa mbele.

Nimechimba kidogo na kidole, mahali pamoja tu. Mizizi imetoka kitakoni, myeupe, mingi, kama tambi. Juu bado hakuna kitu, na hakutakuwa na kitu mpaka baridi yote ipite. Hiyo baridi yenyewe ndiyo kitunguu kinataka. Bila hiyo hakitoi ua.

Nimerudisha udongo. Nimekanyaga taratibu. Nikachukua reki.