Video ya Mikono ya Mama

Jumatatu, 3 Machi

Mama mdogo kaweka video mtandaoni. Dakika mbili, mama yuko kitandani, anaumwa, anazungumza kwa mikono. Simu yangu ni ya vitufe, kwa hiyo nimeifungua kwenye hii kompyuta yangu kuukuu yenye mfumo wa Linux — inakwamakwama! Mkono uko kifuani, mara uko usoni. Katikati hakuna kitu. Mama ni kiziwi tangu kuzaliwa, shule hakuiona. Lugha yake ni alama tulizobuni mimi na yeye jikoni. Mama mdogo anajua "njoo" na "kula" tu. Nisipomwelewa mimi, nani atamwelewa?

Jumanne, 4 Machi

Nimepunguza ubora wa picha. Vidole vimekuwa uji. Nikafunga kila kitu, nikabaki na video peke yake. Wapi! Ajabu, sauti inakwenda vizuri kabisa, mpaka chafya ya mama mdogo naisikia. Sauti ni ya nini kwangu?

Nimeomba ruhusa kazini niende kwa mama. Bosi kasema ruhusa hutolewa kwa msiba, si kwa mgonjwa.

Jumatano, 5 Machi

Nimelia chooni, kazini. Basi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimempigia fundi wa kompyuta. Kasema mtandao hauna kosa. Ati prosesa, ubongo wa kompyuta, inabeba mzigo wote, kadi ya picha imekaa tu, mgeni rasmi. Nimecheka, mara ya kwanza wiki hii. Nimeweka draiva aliyonielekeza, programu ya kuiamsha hiyo kadi, nikazima, nikawasha. Bado! Haraka haraka haina baraka, kasema. Akamwambie hivyo mama yangu!

Ijumaa, 7 Machi

Fundi kaniuliza nazimaje. Nafunika kifuniko, nikamjibu. Kumbe huko si kuzima, ni kuilaza tu, na draiva haianzi kazi! Mjinga mimi, siku nzima imepotea. Nimezima kwelikweli, nikawasha.

Imekubali! Pazia nyuma ya mama linapepea bila kuruka hata kidogo. Mkono wake unapanda taratibu, unafika kifuani. Hiyo ni "mwanangu". Kisha unasimama. Unatetemeka. Mama mdogo anaushika kiwiko, anausogeza mpaka usoni, anabahatisha. Mama anatikisa kichwa — siyo! Mkono unaanguka juu ya shuka.

Nimerudia mara nne. Pazia linapepea, mkono umesimama. Mama yangu ameishiwa nguvu, jamani, na mimi nilikuwa nahangaika na draiva.

Bosi simwombi tena. Hiyo ruhusa yake ya msiba siitaki. Begi nimelifunga. Nampigia mama mdogo amwonyeshe mama alama ya "njoo", kisha aelekeze kidole kwenye picha yangu, ajue naja.

Simu inaita. Hapokei. Nimepiga tena — inaita tu.